Vani Iliyotoa Moshi Jumatatu

Uvumilivu wangu uliniishia Jumatatu jioni, na sikuwa hata gereji. Nilikuwa nyumbani, nimepiga magoti mbele ya binti yangu Moraa, miaka minne, namvua sweta ya shule. Watoto wa chekechea hubanwa kitambaa cha pua kifuani kwa pini. Cha Moraa nilikuwa nimekisugua mwenyewe jana yake hadi vidole vikauma. Sasa kilikuwa na madoa meusi ambayo hayakuwa ya udongo wala ya kalamu. Nikamwambia apenge tena. Kikatoka kilekile cheusi.

"Mwalimu amesema ninanuka kazi ya mama," akaniambia. Wala hakuwa analalamika. Alikuwa anajisifu.

Fundi wa vani iliyokuwa ikimpeleka mtoto huyo shule nilikuwa mimi. Kila Alhamisi ililetwa gereji nikaitia sahihi kwamba iko sawa. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimeambiwa na mkurugenzi wa shule kwamba dizeli ni moshi, ndivyo ilivyoumbwa, na mimi nikawaambia wazazi wengine hivyohivyo. Pale chini, na kile kitambaa mkononi, nilichoka. Nilichoka na mkurugenzi kwanza, halafu na mimi mwenyewe.

Nawaandikia haya ninyi mliobaki gereji. Mtasema mwanamke wa miaka thelathini na moja hastaafu. Mimi nimestaafu. Nimekaa chini ya magari miaka kumi, na mgongo wangu umeshafika sitini bila kunisubiri. Sikufukuzwa, nimeondoka kwa miguu yangu, na tangu nirudishe spana nalala usingizi wa mtu asiyedaiwa neno na mtu. Lakini kuna mambo mtayakuta hapo ambayo hayajaandikwa popote, na hili la vani ndilo lililonifundisha kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja.

Nilifika kwa Fundi Onchari, pale Kisii mjini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na suruali mpya ambayo nilidhani ni ya kazi. Aliitazama suruali, akanipa kitambaa cheupe. Mwezi mzima sikugusa spana. Kazi yangu ilikuwa kuchomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kukifuta, kukinusa, na kumweleza nilichokiona. Wateja walikuwa wakiuliza kama nimeletwa kupika chai. Kuna mmoja aliuliza mbele yangu, mwenye pikapu. Onchari akamjibu bila kuinua kichwa, "Huyu ndiye atakayekuambia gari lako linaumwa wapi. Mimi nitashika tochi."

Alikuwa mgomvi, na mkimkuta leo bado ni mgomvi. Ukimwambia "nadhani ni nozeli," anakuuliza ulidhani kwa kutumia jicho gani. Lakini alinifundisha kusoma moshi kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Moshi mweusi, dizeli inaingia nyingi au hewa inaingia kidogo. Wa bluu, injini inachoma oili. Mweupe usioisha, kuna maji mahali pasipotakiwa maji, au dizeli inapita bila kuwaka. Na usiposadiki macho, ingiza kidole kwenye bomba la moshi, likiwa limepoa tafadhali, maana alama niliyo nayo kwenye kidole cha shahada si ya kuzaliwa. Masizi ya dizeli ni makavu, yanapeperuka kama unga. Masizi yenye oili yanang'ang'ania kidole, yanateleza, na sabuni ya kawaida hayaiogopi.

Mwaka wangu wa pili lililetwa lori lililokuwa likibeba mawe ya kuchonga kutoka Tabaka. Moshi mweusi tititi. Nilitoa nozeli zote, zile za kunyunyizia dizeli kwenye injini, nikazisafisha siku mbili, nikazirudisha, na moshi ukabaki palepale. Onchari alikuwa ameketi kwenye ndoo muda wote huo, ananitazama. Nilipomaliza akaniambia nitoe chujio la hewa nilipige chini. Vumbi la mawe lililotoka lingetosha kuchonga kiboko mdogo wa kuuzia wageni. Nikamuuliza kwa nini aliniacha nihangaike siku mbili. Akasema ningemuuliza siku ya kwanza asingeniacha. Tangu hapo naanza na hewa.

Sasa nije kwenye vani.

Ilikuwa ya dizeli, ya zamani, ya shule moja ya binafsi upande wa Nyamira, karibu na kwetu. Ndiyo maana Moraa alikuwa akisoma huko. Ilibeba watoto kumi na wanne wa chekechea. Dereva wake alikuwa Mzee Mogaka, Mwadventista, mtu wa kunyoosha ukosi hata akienda kufukuza kuku. Alikuwa na daftari la gari ambalo aliliandika vizuri kuliko mimi ninavyoandika barua. Shule ilikuwa imekubaliana na gereji kwamba vani iletwe Kisii kila Alhamisi mchana, mimi niikague, nijaze kadi.

Mambo yalianza kuharibika muhula wa pili. Mzee Mogaka akawa anaandika kwamba injini inakunywa oili. Kila Ijumaa lazima aongeze, karibu lita moja. Wazazi wakaanza kusema gari linafuka. Mama yangu, ambaye ndiye alikuwa akimpandisha Moraa asubuhi kwa sababu mimi ninaondoka kwenda Kisii kabla ya gari kufika, aliniambia linakohoa kuliko marehemu babu. Lakini kila Alhamisi likifika kwangu halikohoi. Nalingurumisha, nakanyaga, naenda nyuma kutazama: moshi kidogo, mweusi kiasi, masizi makavu. Dipstiki inasoma oili imefika alama ya juu, au imeipita kwa unywele. Nikawa nasema ndani yangu, Mzee ameshaongeza, vizuri.

Nilibadilisha chujio la hewa. Nikapeleka nozeli zikapimwe. Wazazi hawakunyamaza. Mwishowe Onchari mwenyewe akaja, akasoma daftari, akasema gari linalokunywa lita kwa wiki, ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande, zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Mkurugenzi akasema haifunguliwi chochote katikati ya muhula. Wengine shuleni wakaanza kunong'ona kwamba Mzee Mogaka anauza hiyo oili. Yeye alikuwa anasikia, na alikuwa anazidi kuandika daftari lake kwa mwandiko mzuri.

Na kuna jambo jingine ambalo ni langu. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka chini ya sakafu, katikati, na raba ya mlango wa nyuma ilikuwa imekauka ikabanduka. Kwa hiyo chochote kilichotoka kwenye injini, kidogo kiliingia ndani kwa watoto. Niliyaona yote mawili. Niliyaandika chini ya kadi kwa herufi ndogo, mara tatu. Halafu juu, pale penye mstari mkubwa, nikatia sahihi kwamba gari liko sawa, kwa sababu Onchari alisema mkurugenzi ameahidi kushughulikia. Herufi ndogo hazisomwi na mtu. Hata mimi niliacha kuzisoma.

Basi Jumatatu ile jioni. Nilichukua kitambaa cha Moraa nikakisugua kati ya vidole, kama nilivyofundishwa. Kiliteleza. Nikanusa. Oili, si dizeli. Jambo hilo nilikuwa sijaliona hata Alhamisi moja.

Mama yangu amemshonea Moraa vitambaa vitano, kila kimoja na uzi wa rangi yake ukingoni, ili mtoto ajue siku za juma: mwekundu Jumatatu, na kuendelea hivyo hadi Ijumaa. Nikavileta vyote mezani. Vile vinne vilikuwa safi, vimefuliwa, vimepigwa pasi. Lakini doa la oili halitoki kwa kipande cha sabuni. Cha Jumanne kilikuwa na kivuli cha kijivu. Cha Jumatano kivuli kidogo. Cha Alhamisi na cha Ijumaa vilikuwa vyeupe kama siku vilipokatwa.

Mama akaniuliza kwa nini napanga vitambaa vya pua mahali tunapokula. Nikamwambia nasoma.

Injini iliyokufa ringi haijui Jumatatu wala Ijumaa. Inafuka siku zote sawa, na kila wiki inazidi. Hii ilikuwa inafuka sana mwanzo wa juma, halafu inapona yenyewe, inaletwa kwangu ikiwa imeshapona, halafu Jumatatu inaugua tena. Kwa hiyo kilichokuwa kikiiumiza kilikuwa kinafanyika baina ya Ijumaa na Jumatatu, siku ambazo mimi siioni. Nilitamani kucheka. Miezi yote hiyo nilikuwa namtibu mgonjwa siku anapopata nafuu.

Moraa hakupanda tena. Kesho yake mama alimpeleka kwa miguu. Mzee Mogaka nilimwomba aendeshe madirisha yakiwa wazi hata mvua ikinyesha, akakubali. Ijumaa nikaomba ruhusa, nikapanda naye baada ya mtoto wa mwisho kushuka, tukaenda hadi kwake Nyaramba. Njiani nikapata kujua kwamba zamani vani ilikuwa ikilala shuleni hata wikendi. Muhula wa pili ua wa shule uliporomoka, mkurugenzi akamwambia awe anailaza kwake wikendi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuuliza gari linalala wapi, niliuliza linakula nini.

Mnajua haraka ya Mwadventista Ijumaa jioni. Jua likizama Sabato imeingia, isimkute na kazi. Mzee alifika, akaipandisha vani kwenye mteremko wa boma lake, pua juu kuelekea nyumbani, ili maji ya kuoshea yateremke kwenye ndizi. Akaiosha ndani na nje. Halafu, injini ikiwa bado ya moto, akafungua boneti, akachomoa dipstiki, akaifuta kwa kitambaa safi, akairudisha, akaichomoa. Akanionyesha. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini.

"Unaona, Mama Moraa? Kila wiki naipa, na bado ina kiu."

Akachukua galoni. Nikamshika mkono.

Nilisimama nikatazama mteremko, nikatazama gari, na nilijisikia mjinga kwa namna ya kupendeza sana. Oili inakaa kwenye sampu, lile karai la chini ya injini. Gari likiinua pua, oili yote inakimbilia nyuma, na kijiti cha vani hiyo kinaingia mbele. Zaidi ya hayo injini ikiwa imezimwa sasa hivi, nyingine bado iko juu, haijateremka. Kijiti kinakuja karibu kikavu, na mtu mwaminifu anaongeza lita.

Nikamwomba tushuke hadi mahali palipo tambarare. Akaniuliza kwetu huku tambarare ni wapi, na alikuwa na haki. Mwishowe tukaenda hadi kwenye uwanja wa kituo cha kununulia majani chai, ambako walisawazisha kwa ajili ya malori. Tukazima, tukangoja. Mzee alikuwa anatazama jua, mimi natazama saa. Nilipochomoa kijiti, oili ilikuwa imefika alama ya juu barabara, hata tone halijapungua.

Akakichukua, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa mwenyewe.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiinywesha kwa nguvu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi si mwizi."

"Hapana, Mzee. Wewe ni mwangalifu kupita kiasi."

Hapo ndipo nilipomwona akiketi kwenye ngazi ya gari, yule mtu wa kunyoosha ukosi, akavua kofia, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana muhula mzima. Halafu akakumbuka jua, tukaondoka.

Ninyi mnaosoma mtaelewa yaliyobaki. Oili ikizidi, mtaimbo wa injini unaozunguka juu ya sampu unaichapa hadi inatoa povu. Povu linapanda kwa bomba la kupumulia, linaingia kwenye njia ya hewa, linachomwa pamoja na dizeli. Jumatatu moshi wa bluu na masizi ya kuteleza. Kufikia Alhamisi iliyozidi imeshaungua, gari linatulia, na mimi Kerubo natia sahihi. Ingeendelea zaidi, injini ingeweza kuanza kujilisha oili yenyewe ikakimbia bila dereva kukanyaga, na hiyo huizimi kwa ufunguo. Lakini haikufika huko. Nilifungua njia ya hewa nikamwaga karibu kikombe cha oili, nikaosha kila kitu, na Jumatatu iliyofuata nikasimama kando ya barabara kuitazama ikipita. Ilitoa moshi kidogo mweusi pale mlimani, kama gari lolote lenye umri wake, basi. Nilicheka peke yangu hadi mwanamke aliyekuwa akipita na kuni akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa.

Nilipomweleza Onchari, aliweka spana chini, akafuta mikono. Halafu akasema, "Hiyo sikukufundisha."

"Hapana."

"Basi kaiandike mahali." Ndiyo haya.

Ningependa kuishia hapo, lakini kulikuwa na bomba lililopasuka na raba ya mlango. Nilienda kwa mkurugenzi na habari njema kwanza: injini ni nzima, haifunguliwi. Alifurahi, akaniagizia soda. Nikamwambia sasa tubadilishe bomba na raba, na hadi hapo vani isibebe mtoto. Akanitazama kama nimembadilishia mazungumzo.

"Fundi, moshi uko wapi sasa? Nionyeshe."

"Huu hauonekani, mkurugenzi."

"Basi tunalalamikia nini?"

Nilimweleza kwamba ule mweusi ulikuwa unatusaidia, ulikuwa unatuonyesha mahali hewa mbaya inapoingilia. Sasa hewa inaingia ileile, ila haina rangi, na watoto wanashuka wamesinzia na vichwa vinawauma. Akasema watoto husinzia kwenye magari, hata watoto wake husinzia. Nikamwambia wake wanapanda gari lake. Nikaiacha soda pale nusu.

Onchari alinishauri ningoje muhula uishe. Ni mwalimu wangu, namheshimu, na sikumsikiliza. Niliandika barua usiku huohuo kabla ya hasira kupoa, kwa sababu najijua, ikipoa naanza kuwaonea watu huruma. Asubuhi niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya elimu. Karani akaniuliza nalalamika kama mzazi au kama fundi, nichague moja. Nikamwambia aandike yote mawili au aniitie mkubwa wake. Akaandika. Akanigongea muhuri kwenye nakala, nikatoka nje nikiwa mwepesi kana kwamba nimetua gunia la majani chai mgongoni.

Alasiri ileile walikuja watu wawili wa ofisi hiyo, vani ikasimamishwa, na ilikaa siku tisa hadi bomba na raba zikawekwa mpya. Nilizikagua mwenyewe. Hiyo ndiyo kadi yangu ya mwisho, na haikuhitaji herufi ndogo hata moja. Sasa Mzee Mogaka anapima oili kwenye uwanja wa majani chai, injini ikiwa imezimwa na oili imeteremka, na Moraa amerudi kwenye kiti chake.

Barua nimeiweka hapa kama ilivyo, kwa sababu nayo ni kifaa cha kazi, na siku moja mtaihitaji.

Kwa Afisa wa Elimu.

KUH: MALALAMIKO KUHUSU VANI YA WATOTO WA CHEKECHEA

Mimi ni mzazi wa mtoto wa miaka minne katika shule niliyoitaja kwenye bahasha. Mimi pia ndiye fundi anayekagua vani ya shule hiyo.

Bomba la moshi la vani hiyo limepasuka chini ya sakafu na raba ya mlango wa nyuma imeisha. Hewa chafu ya injini inaingia mahali watoto wanapokaa. Haionekani kwa macho. Mkurugenzi ameelezwa kwa mdomo na kwa maandishi.

Mimi mwenyewe nimetia sahihi kadi za kusema gari hili liko sawa nikijua haya. Nilikosea. Kadi zote nimeziambatisha na sitaki zifichwe kwa ajili yangu. Kama kuna adhabu, jina langu liko chini.

Dereva hana kosa.

Siombi shule ifungwe wala mtu afukuzwe. Naomba gari hilo lisibebe mtoto hata mmoja hadi bomba na raba zibadilishwe, na likaguliwe na fundi mwingine pamoja na mimi.

Naandika hii usiku. Zamu ya kwanza ya kesho sitaiwahi, nayo itakuwa imepita mtakaposoma. Zamu ya kuwarudisha nyumbani ni saa tisa alasiri, watoto kumi na watatu, kwa sababu wangu nimemtoa. Naomba mwende kabla ya saa tisa.

Kerubo, Mama Moraa